Gwanda Lililoanguka Kwenye Mifarishi

Norbota alipoumega mkate wa posa ya binti yake Oydin, aliapa na mkate ule mkononi kwamba hajawahi kuvuka daraja. Watu wa Termez, mji wa mpakani, hawaulizi daraja gani. Ng'ambo ya mto ndiko jeshi la Kisovieti lilikopigana karibu miaka kumi, na huko ndiko Bi Gulandom, mama wa mchumba, alikozika kaka zake wawili kabla ya kuhamia upande huu. Sharti lake lilikuwa moja tu: mwanawe Ergash aoe popote moyo unapompeleka, ila si katika nyumba ya mtu aliyevuka na bunduki. Norbota akamwambia kuwa jeshini yeye alikata miti kaskazini, kwenye theluji, na bunduki aliishika siku ya kiapo basi. Wakala mkate, wakawa vivyere kwa posa ya watoto wao. Kabla ya harusi kufika, moyo wa Norbota ukasimama akiwa bustanini.

Sasa wanawake walikuwa wamekusanyika kwa mjane wake, Hosiyat, kushona mifarishi, matandiko ya pamba ya bibi harusi. Walipoishusha ile ya zamani iliyopangwa juu ya sanduku, wapate kuichambua pamba, likaanguka gwanda la jeshi la mabakamabaka, kijani na hudhurungi.

Aliyeliokota ni Tursunoy, jirani ambaye mdomo wake haujui likizo. Akaligeuza huku na huku. Akasema mbona hii ni afganka, gwanda la vita vya ng'ambo ya mto, akachungulia mhuri uliofifia kwenye kola na kusoma kwa sauti: nane, nne. Themanini na nne. Si ndiyo miaka ambayo marehemu alikuwa jeshini?

Bi Gulandom alichomeka sindano yake kwenye kitambaa, taratibu, kama mtu aliyemaliza kazi.

"Mama Oydin," alisema, "mimi narudi nyumbani."

Tangu asubuhi alikuwa akimwita kivyere. Kipande chake cha mkate kilibaki mezani, hakukigusa.

Usiku ule Hosiyat alimtukana mumewe mpaka akaishiwa maneno. Uongo wa kawaida angeuvumilia, maana ni mwanamume gani asiye na uongo wake. Lakini uongo na mkate mkononi! Tena kafa, hata wa kumgombeza hayupo. Chumba cha pili Oydin hakulia. Aliendelea kushona, mshono ukienda upande, na hilo lilimuuma mama yake kuliko kilio.

Kulipokucha Hosiyat alilifunga gwanda kwenye kitambaa, akaenda kusimama langoni kwa Bi Gulandom. Akamwomba waende wote sokoni kwa Shomurod. Shomurod akisema limevuka, posa ataivunja yeye, mama wa binti, kwa mdomo wake mwenyewe. Bi Gulandom alijitanda shali, wakaondoka.

Shomurod aliuza magwanda ya zamani kwa watu wa mbali wanaoyakusanya, na soko zima lilimjua kwa uongo. Kwake hata kijiko kilikuwa cha jenerali. Ndiyo sababu Hosiyat akamchagua. Uongo wa Shomurod uliegemea upande mmoja siku zote: kila kitu kibandani kwake kilitoka vitani. Kama gwanda hili lina hata harufu ya vita, huyu hawezi kuificha.

Na kweli, alipoliona macho yalimng'aa.

"Limevuka hili, mama?"

"Tuambie wewe," Hosiyat akasema.

Shomurod akalitandaza juu ya tumbo lake kubwa. Akapapasa vifungo kimoja kimoja, akavuta kamba ya kiunoni, akalinusa. Kadiri alivyopapasa ndivyo uso ulivyomshuka.

"Mnanivunja moyo asubuhi yote hii. Vifungo vitupu. Vya vita vina nyota."

"Vifungo hubadilishwa," Bi Gulandom akasema.

"Hubadilishwa, lakini tazama uzi. Hivi vyote vimeshonwa na mashine ya kiwandani, havijaguswa."

"Na afganka je?" Bi Gulandom akauliza.

"Hilo jina la mshono, mama yangu. Mlinzi wa kiwanda cha pamba naye anavaa afganka, na yule hajavuka hata barabara."

Hosiyat akamwonyesha ule mhuri wa kwenye kola. Shomurod akacheka. Themanini na nne gani? Hiyo ni saizi: arobaini na nane, urefu wa nne. Tarakimu ya mbele imekwenda na sabuni. Anayetaka mwaka, akasema, atazame mahali ambapo sabuni haifiki, na akaugeuza mfuko wa ndani nje. Mhuri ulikuwa pale, mzima: 48-4, jina la kiwanda cha Tashkent, na chini yake 1992.

"Jeshi limerudi zamani, na nchi ya ile nyota imekwisha kufa. Ndiyo maana vifungo vitupu. Kalifanyeni dekio."

Lakini Hosiyat hakuwa akiutazama mhuri. Kwenye pembe ya mfuko palikuwa na ushanga mdogo wa kukinga jicho baya, mweusi wenye madoa meupe, umeshonwa kwa uzi mwekundu na mafundo matatu yaliyobanana. Mafundo yake mwenyewe. Akakaa juu ya rundo la mabuti ya watu.

Oydin alizaliwa majira ya baridi ya mwaka ule. Norbota ndiyo kwanza kaajiriwa ulinzi kwenye kiwanda cha pamba, akaja kuwachukua hospitali na trela wazi, upepo wa mto unakata masikio. Alivua gwanda jipya, akaligeuza ndani nje ili mtoto alale upande safi. Tangu hapo halikurudi kazini. Likawa blanketi la mtoto, na Hosiyat akalijua kwa upande wa ndani tu.

"Oh, Norbota," alisema, akacheka na kulia papo hapo, bila kuona haya. "Na mimi nimekutukana usiku kucha."

Alipokwisha kusimuliwa habari ya lile blanketi, Bi Gulandom aliinama, akaushika ule ushanga kati ya vidole viwili kwa muda mrefu. Shomurod, aliyenusa kwamba kuna habari hapa, akasema kwa kuwa wamefika mbali anaweza kuwasaidia kulinunua.

"Haliuzwi," Bi Gulandom akamjibu. "Ni la mkwe wangu."

Nje ya soko alisimama kwenye tanuri, akachukua mkate wa moto, akaumega na kumpa Hosiyat nusu.

"Kula, kivyere," akasema. "Jana nimeuacha wako."

Hosiyat alikula pale pale njiani, machozi yakidondokea kwenye mkate, na ulikuwa mtamu.