Mti Niliouchora

Kosa langu ni majivuno, na niliseme mwenyewe kabla hawajalisema wengine. Hapa Kasongo wachoraji hupaka kasuku kwenye kuta za baa, mkia mwekundu, ameelea hewani bila tawi. Mimi Célestine nilikuwa nawacheka. Ndege bila mti wake, nikawaambia, ni kuku tu.

Baba yangu, mzee Raphaël, ambaye sasa ni kipofu, ndiye aliyenionyesha mti wanakolala kasuku kijijini kwetu Wamaza. Katika ukoo wetu mti huo hautajwi mbele ya mgeni. Miaka thelathini sikumwambia mtu, hata mume wangu. Kisha nikauchora. Shina lililopasuliwa na radi, jiwe jeupe chini yake, kijito kinapokata kona, kasuku arobaini na mmoja wakirudi jioni. Kwa kuwa mdomo wangu ulikuwa umefungwa, nilijiona nimetunza ahadi. Picha ikatundikwa kwenye ukumbi wa parokia, watu wakasifu, nami nikavimba kichwa.

Majuto ni mjukuu. Yangu yalifika juzi kwa pikipiki. Bulaimu, dereva wa kwetu, alisimama mlangoni bila kuketi.

"Dada Célestine, batu ya kutega ndege balifika Wamaza. Bako na picha yako mu telefone. Baliuliza: iyi jiwe iko wapi? Batoto bakabaonesha."

Nikapita ukumbini, nikaishusha picha ukutani, nikaikunja, nikapanda pikipiki nyuma yake.

Huko Wamaza, matawi ya mti yalikuwa yamepakwa ulimbo. Juu kabisa palikuwa na kasuku mmoja amefungwa mguu, aliyewekwa pale awaite wenzake mtegoni. Bulaimu akapanda kumfungua, akakuta amekwisha kufa. Chini manyoya matupu. Nililia kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yangu mwenyewe.

Baba alikuwa ameketi mbele ya nyumba.

"Siku tatu sisikie kasuku," akasema. "Nani alibaonesha muti?"

"Ni miye, papa. Niliuchora."

Hakunigombeza. Afadhali angenipiga. Alinyoosha mikono, nami nikaikunjua picha magotini pake.

"Muti iko wapi?"

Nikashika kidole chake, nikakiweka kwenye shina.

"Na bo?"

Nikakipandisha hadi kwa kasuku. Akawapapasa mmoja mmoja, polepole, kisha akainamisha sikio juu ya picha na kungoja walie.

"Awa habalie," akasema, akanirudishia picha.