Kivuli Kinachochechemea

Saa moja na robo asubuhi Mwalimu alikuwa amemaliza kumpiga Bibi Harusi brashi upande wa kushoto. Alipohamia kulia akaona kivuli cha farasi huyo kimeinua mguu mmoja wa mbele na kinakataa kuushusha. Kivuli kilikuwa kwenye ukuta wa banda, pale jua linapoingilia mlangoni. Mwalimu akamtazama farasi mwenyewe. Farasi alikuwa amesimama kwa miguu yote minne, masikio mbele, ametulia kama maji mtungini. Mwalimu akapiga brashi upande uliobaki, akaenda kuchukua tandiko.

Alipoliweka tandiko mgongoni, kivuli kikalala chini. Akakaza mkanda wa tumbo, akamwongoza farasi nje. Kivuli kikanyanyuka kwa taabu na kufuata hatua mbili nyuma, kikichechemea. Kipindi cha kwanza kilikuwa cha saa mbili, na wanafunzi walikuwa wameshaanza kuvaa kofia.

Bibi Harusi alikuwa farasi jike wa rangi ya kahawia, mwenye umri wa miaka kumi na nne, na ndiye aliyewabeba wote wanaoanza. Hakuna mtoto aliyewahi kupandishwa farasi mwingine siku ya kwanza. Jina hilo alipewa na Mjomba, mwenye shule ya kupanda farasi, ambaye pia alikuwa mjomba hasa wa Mwalimu, ndugu wa mama yake, na ndiye aliyemlea. Kabla ya jina hilo farasi alikuwa na maneno mengi. Ukikaza mkanda, anageuka akuume. Ukimgusa nyuma ya bega la kulia, anachapa mkia. Ukipanda, analaza masikio hadi ushuke. Mjomba alisema ana gubu la wifi, akataka kumwondoa. Mwalimu akaomba miezi mitatu.

Katika miezi hiyo, kila farasi alipolaza masikio, Mwalimu alimgonga goti kwa fimbo, si kwa nguvu, kwa uhakika tu. Kila alipoyasimamisha mbele, alipewa karoti kutoka mfuko wa kulia. Wakamaliza masikio, wakaingia mkia, wakamalizia na meno. Mwezi wa tatu ulipokwisha, Mjomba alimzunguka farasi mara mbili, akamfinya shingoni, akacheka. "Huyu sasa ni bibi harusi," akasema. "Hata umfinye, hasemi." Habari zikaenea kwamba Mwalimu ana mkono wa kutuliza farasi, na Mwalimu akafurahi kuambiwa ana mkono.

Jambo ambalo hakuuliza katika miezi yote mitatu ni farasi alikuwa akisema nini.

Alikuwa akisema habari za tandiko. Lilikuwa tandiko la Mwalimu mwenyewe, la siku zake za mashindano, ngozi imelainika na kukubali umbo la makalio yake, na alilichagua kwa sababu lilimtosha yeye. Kwa farasi lilikuwa jembamba kwa vidole viwili. Lilimbana nyuma ya bega la kulia, kila siku isipokuwa Jumatatu. Mwaka wa nne yalitokea hapo manyoya meupe, duara dogo kama kifuniko cha chupa, na mtu yeyote wa farasi anajua manyoya meupe ya mahali pa tandiko yana maana gani: tandiko linaumiza. Mwalimu aliyajua mara moja. Akayalaza kwa brashi, asimwambie mtu. Kulibadilisha tandiko kungemfanya Mjomba aulize kwa nini, na jibu lingeanzia kwenye ile miezi mitatu. Aibu ya siku moja angeiweza. Ya miaka minne ilimshinda, na sasa ilikuwa imefika sita, kwa maana aibu isiyolipwa mapema huzaa.

Wazazi waliokaa kwenye benchi waliona kivuli siku ileile. Mmoja akasema kina mguu mbaya. Mwingine akasema labda ni jua. Mtoto aliyekuwa juu akauliza kama anaweza kuendelea, akaambiwa aendelee, ila asikikanyage. Kivuli kilizunguka uwanja mzima kikichechemea, na farasi alikwenda sawasawa, kwato zikihesabu moja mbili, moja mbili.

Siku ya nne Mjomba alitoka ofisini akasimama kwenye ua wa mbao.

"Hiki kitatuletea maneno," akasema.

"Labda apumzike kidogo," Mwalimu akasema.

"Kidogo ni kiasi gani?"

Mwalimu alijua ni miezi minane, na tandiko jingine. "Sijui," akasema.

"Na wanaoanza tuwapandishe wapi, mgongoni kwangu?" Mjomba akachekea puani. "Si wanasema punda afe, mzigo ufike? Na huyu wala si punda." Akalitazama jua, akamtazama farasi, akapiga hesabu zake. "Kipindi kiwe saa sita mchana. Saa sita kivuli kinaingia chini ya tumbo. Nani atainama?"

Ratiba mpya iliandikwa ubaoni siku hiyohiyo, kwa mwandiko wa Mwalimu, ambao ulikuwa mzuri. Wazazi waliambiwa watoto wavae mikono mirefu na wanywe maji. Hakuna aliyelalamika isipokuwa kuhusu joto.

Aliyeinama alikuwa Nesi. Alikuwa mwanafunzi wa miaka sitini na moja, mstaafu wa wodi ya wanaume, aliyesema alitaka kupanda farasi tangu utotoni na sasa magoti yalikuwa yakimpa notisi. Alikuja kila Jumamosi. Jumamosi ya pili ya ratiba mpya alishuka katikati ya kipindi bila kuambiwa, akachuchumaa kwa kuugulia, akachungulia chini ya tumbo la farasi.

"Mwalimu, hiki kimelala ubavu."

"Ndiyo, Nesi. Mchana hulala."

"Kinapumua juu juu. Njoo uone."

Mwalimu hakwenda. Alikuwa ameshaona asubuhi, na jana, na juzi.

Nesi akainuka kwa kushika kamba ya tandiko, kisha akaiachia haraka kama aliyegundua ameshika kidonda. "Wodini mimi wanaopiga kelele nilikuwa nawaambia wasubiri," akasema. "Mwenye nguvu ya kupiga kelele bado ana nguvu. Nilikuwa naenda kwanza kwa yule aliyejifunika shuka kimya. Huyu nani alimnyamazisha?"

"Nilimkuta hivi," Mwalimu akasema.

Ukiacha ile sijui aliyomwambia Mjomba, huo ulikuwa uongo wake wa kwanza kuusema kwa mdomo. Mwingine wote alikuwa ameufanya kwa mikono. Masikio yake yakapata moto, akajifanya anaangalia saa.

"Daktari wa mifugo anakuja lini?"

"Jumanne. Kwa ajili ya cheti cha afya."

"Mwambie. Au nije nimwambie mimi?"

"Nitamwambia, Nesi."

Akasema hivyo kwa nia njema kabisa. Jumapili alifanya mazoezi ya maneno yenyewe akiwa anafagia: daktari, kuna jambo. Jumatatu aliyaongeza: daktari, kuna jambo, na ni langu. Usiku ule alilala vizuri kuliko kawaida, jambo ambalo lingempa wasiwasi mtu anayejijua.

Jumanne kulikuwa na mawingu mazito tangu alfajiri. Hapakuwa na kivuli cha kitu chochote, si cha farasi, si cha mti, si cha mtu. Mjomba aliangalia juu, akasema siku nzuri, akamkaribisha daktari na kurudi ofisini.

Daktari alikuwa mtu makini. Alitazama macho, akafungua mdomo akahesabu meno, akainua kwato moja moja. Aliomba farasi atembezwe, kisha apelekwe kwa mchakamchaka, na farasi akaenda kama saa ya ukutani. Mwisho akapitisha vidole gumba mgongoni, taratibu, kuanzia kiunoni kuja mbele, akibonyeza kila hatua. Alifika nyuma ya bega la kulia, akasimama.

"Hapa manyoya ni meupe."

"Ndiyo, daktari."

Akabonyeza. Bibi Harusi akasimamisha masikio mbele. Akabonyeza zaidi, akaegemeza na uzito wa bega lake, na mkia haukutikisika hata kidogo. Farasi aligeuza jicho moja tu, polepole, akalielekeza kwenye mfuko wa kulia wa Mwalimu.

Mwalimu aliona jicho lile, na aibu ikamshuka kuanzia kichwani kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Maneno ya Jumatatu yalikuwa hapohapo mdomoni, yamepangwa. Kilichobaki kilikuwa kuyafungulia.

"Ni kidonda cha zamani?" daktari akauliza.

"Cha zamani."

"Hakimuumi?"

"Kingekuwa kinamuuma, angesema," Mwalimu akasema.

"Kweli," daktari akasema, akaandika. "Mnyama hajui kudanganya." Akampigapiga farasi shingoni, akamsifu Mwalimu kwamba mahali pengine wanyama huwa wanarusha mateke kiasi kwamba kazi haifanyiki, na kwamba angependa wenzake waje waone mafunzo haya. Mwalimu akasema asante. Farasi bado alikuwa akiutazama mfuko, kwa kuwa alikuwa amefanya kila alichofundishwa, na Mwalimu akatoa karoti akampa. Alitafuna kwa upande mmoja, bila haraka.

Gari la daktari lilipokunja kona, mawingu yakafunguka. Kivuli kilikuwa ukutani mahali pake, kimempa Mwalimu kisogo. Hakikumgeukia mchana kutwa, na yeye hakuona kwamba ana haki ya kukiomba kigeuke.

Jumamosi Nesi alikuja mapema.

"Ulimwambia?"

"Amemkagua mgongo wote, Nesi, kwa vidole. Ameandika mzima." Akampa cheti, ambacho tayari kilikuwa kwenye fremu.

Nesi akavaa miwani, akasoma chote, hadi mhuri. Akavua miwani. "Nimeuliza kama ulimwambia."

Mwalimu akatazama viatu vyake. Vilikuwa safi. Nesi akaenda kutundika kofia msumarini. Akasimama kando ya farasi, mkono shingoni. "Pole, mama," akamwambia. Akainama, akakiambia na kivuli pole, akaondoka kwa miguu kuelekea barabarani. Hakurudi tena. Nafasi yake ya Jumamosi ilichukuliwa na mtu aliyekuwa kwenye orodha.

Jioni hiyo, wengine walipokuwa wameondoka na mwanga ungalipo, Mwalimu aliingia bandani akamwambia farasi yote. Alianza na tandiko, akarudi nyuma kwenye miezi mitatu, akaja mbele hadi Jumanne. Alisema kwa mpangilio na hakujitetea popote, na kama daktari angemsikia angemwandikia farasi mwaka mzima wa mapumziko. Kisha akakunja shati hadi kwenye kiwiko, akauweka mkono mtupu mbele ya meno ya farasi, na kwa kidole gumba cha mkono wa pili akabonyeza kwenye manyoya meupe.

"Niume," akamwambia.

Bibi Harusi akasimamisha masikio mbele.

"Niume, nakuomba."

Akabonyeza zaidi. Farasi akapumua kwenye mkono wake, pumzi ya joto yenye harufu ya majani, akangoja. Walikaa hivyo mpaka bega la Mwalimu likachoka. Mwisho akatia mkono mfukoni akatoa karoti, kwa sababu hakujua kingine cha kuutumia mkono ule. Alilia kidogo, akajifuta kwa shati, akafunga mlango.

Kivuli kiliendelea. Watu walikizoea kama wanavyozoea bomba linalovuja. Asubuhi kilikuwa kinaachwa bandani kimelala, na ifikapo saa sita kinajikokota hadi uwanjani chenyewe na kuingia chini ya tumbo kabla kipindi hakijaanza, kisimkoseshe mtu kazi. Mjomba alisema hata kivuli kimepata adabu. Alisema Mwalimu kweli ana mkono.

Daktari naye alitimiza neno lake, akawasimulia wenzake, na wenzake wakawasimulia wenye farasi. Mwezi uliofuata mfamasia mmoja alimleta farasi dume wa miaka mitatu, mwekundu, akiwa amefungwa kamba mbili. Alisema amemshinda, anauma watu, kafungua mlango wa zizi kwa mateke. Aliombwa asubiri nje ya ua, na Mwalimu akaingia peke yake.

Farasi mwekundu hakungoja salamu. Alilaza masikio, akakunja pua, akachapa mkia kushoto na kulia. Mwalimu akanyoosha mkono taratibu upande wa kulia wa uso, farasi akatulia. Akaupeleka upande wa kushoto, farasi akarusha kichwa juu na kurudi nyuma, kisha akaja tena mbele, akakaza midomo, akageuza lile taya la kushoto kwa mtu huyu, mara mbili, kama anayemwonyesha mgeni nyumba. Ni jino, alikuwa akisema. La nyuma kabisa, kushoto. Chuma cha hatamu kinaligonga. Tangu mvua zilizopita.

Mwalimu alimwelewa bila kupoteza neno. Hakuwa amewahi kuelewa kitu vizuri kiasi kile maishani mwake, na alisimama pale akiwa na masikio yanayowaka moto, huku kivuli cha farasi mwekundu kikiwa chini yake, kimesimama kwa miguu minne.

"Ana nini huyo?" mfamasia akauliza kutoka nje ya ua.

Mjomba alikuwa kando yake, na wazazi wawili watatu walikuwa wameacha benchi kuja kutazama.

"Kiburi tu," Mwalimu akasema, akanyoosha mkono nyuma apewe fimbo.