Uzito wa Ndege ya Chumbani

Jumanne, saa nane na dakika ishirini mchana, Fundi alimaliza kulipaka bawa la kushoto la ndege yake tabaka la tatu la rangi, na mguu mmoja wa meza ukazama sakafuni kiasi cha upana wa kidole. Aliinama akautazama. Saruji haikupasuka; ilibonyea tu, kama godoro. Akakata kipande cha ubao, akakipachika chini ya mguu uliozama ili meza ikae sawa, kisha akahamia bawa la kulia.

Ndege yenyewe ilikuwa ya kwenye kompyuta. Wako watu wengi wanaopenda kurusha ndege wakiwa wamekaa vitini mwao nyumbani, na wako mafundi wachache wanaowatengenezea ndege hizo. Kampuni kubwa huweka watu arobaini kwenye ndege moja. Fundi alikuwa peke yake. Asubuhi alitengeneza mashine za kutoa kopi katika duka moja karibu na stendi, mchana akarudi chumbani kwenye ndege. Kazi hii alijifundisha mwenyewe, kwa kusoma na kuharibu. Mwaka wa tatu ulikuwa unayoyoma, na mgongo wake ulijua.

Mtu anayefanya peke yake kazi ya watu arobaini hujiwekea mipaka. Daftari la Fundi lilikuwa na orodha mbili. Upande wa kushoto aliandika vitu vinavyofanya kazi, upande wa kulia vitu vya kuonekana tu. Swichi za injini zilikuwa kushoto. Taa za kusomea za abiria zilikuwa kulia: kitufe kinabonyezeka, taa haiwaki, na hakuna aliyewahi kulalamika. Mlango wa mizigo ulikuwa picha tupu. Kitu ambacho mkono wa mrushaji haukigusi na jicho lake halikioni, Fundi hakukijenga. Angejenga kila kitu, uzee ungemkuta bado yuko kwenye matairi.

Sheria hiyo aliivunja mara moja tu, kwenye uzito.

Dada yake, aliyemzidi miaka minane na aliyeishi naye nyumba hiyo hiyo, alikuwa amerusha ndege ya aina ile kwa miaka sita, ndogo, ya injini mbili na viti tisa. Mtaa mzima bado ulimwita Rubani, ingawa sasa alifundisha watu kuendesha magari. Siku moja ndege ilichelewa kunyanyuka, ikamaliza njia yote ya kurukia, ikavunja uzio na kulala mtaroni. Abiria mmoja alivunjika nyonga. Ripoti ya uchunguzi ilisema uzito wa ndege ulikuwa halali na urefu wa njia ulitosha, kwa hiyo kosa lilikuwa la rubani. Leseni ikachukuliwa, isirudi.

Siku Fundi alipotaka kuandika uzito wa ndege ikiwa tupu, ambao ni namba moja tu ndani ya faili, kilo 1,950 kama zilivyosema hati za ndege, Rubani alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe cha chai.

"Usiandike hiyo," akasema.

"Ndiyo iliyo kwenye hati, Dada."

"Iliyo kwenye hati naijua, nimeipigia hesabu miaka sita. Lakini siku ile mkononi ilikuwa nzito. Au labda mimi ndiye niliyekuwa mzito. Hata sijui tena."

Hiyo "sijui tena" Fundi alikuwa ameisikia kwa miaka mitano, jikoni, uani, hata nje ya mlango wa bafu. Hakumwambia dada yake kwamba alikosea, wala kwamba hakukosea. Hakuwa mtu wa kukata shauri haraka. Aliifuta namba, akaamua kwamba ndege itaujumlisha uzito wake yenyewe, kipande kwa kipande, kama Rubani alivyoikumbuka na kama zilivyoonyesha picha walizopiga karakanani mafundi wa kampuni iliyomwajiri.

Kampuni hiyo ilibadilisha rangi za ndege mara tatu, na kila mara walipaka juu ya ile ya zamani. Sakafu mpya ya mbao ilipigiliwa juu ya ile iliyooza. Redio mpya zilipofungwa, nyaya za zile za zamani ziliachwa ndani ya kuta, kwa sababu kuzing'oa ni kazi ya siku mbili. Fundi alijenga vyote hivyo, ribiti kwa ribiti, na nyaya zisizokwenda popote. Na kila alichokiongeza, kompyuta ilikibeba.

Kufikia Alhamisi miguu yote minne ya meza ilikuwa imezama nusu. Mwenye nyumba, mzee aliyeishi chumba cha mbele, alikuja kwa sababu mlango wake ulikataa kufunga.

"Mmeingiza nini humu?"

"Ndege, mzee."

"Ya viti vingapi?"

"Tisa."

Mzee aliitazama kompyuta, akaitazama sakafu. "Mlipokuja kupanga mlisema watu wawili na jiko la gesi."

"Ni kweli, mzee. Imekua kidogo kidogo."

"Kila mpangaji husema hivyo. Aliyekutangulia alisema hivyo hivyo, na yeye alikuwa na mbuzi." Akaugonga ukuta kwa ngumi, akasikiliza. "Itoeni uani. Uani kuna zege."

Jumamosi walimwita Mama Vyuma, aliyenunua vyuma chakavu mtaa wa pili. Alikuja na lori lenye winchi, mnyororo wa kunyanyulia injini, na mizani yake ya jukwaa. Aliifunga kompyuta mnyororo kama alivyofunga injini za malori, akaivuta hadi uani, akaishusha juu ya mizani. Fundi aliondoa kilo tisa, uzito wa kompyuta yenyewe siku aliyoinunua. Zilibaki kilo 2,137.

"Pima tena," Rubani akasema.

Mama Vyuma akapima tena. Zikawa zile zile.

"Mia moja thelathini na saba juu ya elfu mbili," Rubani alisema polepole. "Toa elfu moja mia tisa na hamsini. Mia moja themanini na saba."

"Hao ni watu wawili na nusu," akasema Mama Vyuma.

"Nilikuwa nawabeba wala siwajui."

"Na tiketi hawakukata, mashetani hao."

Rubani alicheka kidogo, akakaa kwenye ukingo wa mizani kupumzika. Mshale ukasogea. Mama Vyuma akamwambia ashuke, anaharibu hesabu. Alishuka, akaingia ndani, akalala mchana ule mpaka jua likazama, jambo ambalo Fundi hakuwahi kuliona tangu siku ya uzio.

Jumatatu Fundi alikwenda ofisi iliyoandika ripoti. Ofisa aliyempokea alikuwa mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema mizani ya vyuma chakavu haitambuliki, na kwamba angekuja na ya serikali. Alikuja Alhamisi kama alivyoahidi. Alipima mara tatu, akajaza fomu, akaigonga mhuri.

"Kilo elfu mbili mia moja thelathini na saba na nusu," akasema. "Hongera. Kazi yako ni safi sana, hata nyaya zilizokufa umeweka."

"Kwa hiyo ripoti itarekebishwa?" Fundi akauliza.

"Ripoti hufuata hati. Hati zinasema 1,950. Hati hazijaongezeka uzito."

"Lakini ndege ilikuwa nzito."

"Ilikuwa nzito. Nimeona kwa macho yangu na nimeandika. Ndege ndiyo iliyozidi." Ofisa alifuta miwani yake. "Sasa ndege utaifanya nini? Haina leseni ya kunyang'anywa."

"Na mimi?" akauliza Rubani.

"Wewe, dada yangu, ulitakiwa kuhisi."

"Nilihisi."

"Basi ulitakiwa kuhisi mapema zaidi."

Akaomba maji ya kunywa, akanywa, akashukuru. Fomu aliitia kwenye jalada la mambo yaliyothibitishwa, ambalo alisema ni tofauti na jalada la ripoti na liko ghorofa nyingine. Mzee mwenye nyumba alimsaidia kupakia mizani kwenye gari.

Likabaki suala la kuitoa ndege kwa warushaji wa nyumbani. Watu walikuwa wakiingoja kwa mwaka mzima, na Fundi alikwishaituma kwa wajaribu watatu. Wa kwanza alijibu kwamba meza yake imevunjika. Wa pili, aliyeishi ghorofa ya nne, aliandika akiwa kwa jirani yake wa ghorofa ya tatu, akiuliza kwa adabu kama kuna toleo jepesi. Wa tatu alikuwa na sakafu nzuri, lakini alisema ndege hainyanyuki kwenye njia fupi, na ndege isiyonyanyuka ataifanyia nini.

Fundi alikaa na barua hizo siku mbili.

"Nikiandika namba ya hati inakuwa nyepesi," alimwambia dada yake. "Nimejaribu kwenye nakala. Niliibeba kwa mkono mmoja."

"Basi iandike."

"Itakuwa uongo, Dada."

"Mdogo wangu, mimi uongo huo nimeurusha miaka sita. Ni ndege nzuri." Alikuwa anakanda kisigino chake, wanafunzi wake wote siku hiyo walikuwa wamekanyaga breki kama wanaua mende, naye akikanyaga ya kwake. "Watu wana meza zao. Usiwavunjie meza kwa ajili yangu."

Fundi alifungua daftari, akaukata uzito upande wa kushoto, akauandika upande wa kulia. Kisha akaandika 1,950 na kuitoa ndege.

Ile nzito ilibaki uani, imefunikwa kwa bati. Mzee alifunga kwayo kamba ya kuanikia nguo. Kila mwanzo wa mwezi Mama Vyuma alikuja kuipima ili akague mizani yake, kwa kuwa, alisema, mtaa mzima haukuwa na kitu kingine chenye uzito wa kuaminika.

Ndege nyepesi ilipendwa. Watu walisifu sauti ya injini, walisifu vumbi kwenye vioo. Wiki ya pili ulikuja ujumbe mrefu kutoka kwa mtu aliyejitambulisha kuwa hapendi mchezo kwenye uhalisia. Aliisoma ripoti ya ajali ile, akapakia abiria wale wale na mizigo ile ile, akaweka joto la siku ile na njia ile ile. Aliruka mara kumi na moja. Mara zote kumi na moja aliuvuka uzio kwa nafasi ya nyumba ya ghorofa. Sasa ameelewa, aliandika, kwamba rubani wa siku ile alikuwa mzembe kweli. Kwa uhalisia aliipa ndege nyota tano.

Rubani aliusoma akiwa amesimama, viatu vya kazini bado miguuni.

"Ana adabu," akasema.

"Niufute?"

"Usiufute. Mjibu."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie namshukuru kwa kujaribu mara kumi na moja. Wale wa ripoti hawakujaribu hata mara moja."

Akaenda kuvua viatu. Fundi aliandika asante. Ile sehemu ya pili nayo aliiandika, akaisoma, akaifuta, kisha akatuma.