Bahasha Kumi na Saba za Kodi

Wiki ileile Sydney ilipofungwa kwa korona, Chebet alipata kazi aliyoitamani. Kampuni moja inayotunza kompyuta za jeshi ilimpigia simu kusema inamtaka, kwa mshahara unaokaribia mara mbili ya ule aliokuwa akipata. Kilichobaki ni kibali cha usalama kutoka serikalini. Chebet alirukaruka sebuleni mpaka soksi zikamtelezesha. Kisha akafungua fomu, akafika ukurasa wa fedha, akakaa chini.

Fomu ilitaka kujua kama ana deni la kodi.

Alikuwa nalo. Kabla ya kuajiriwa ofisini, alisafisha maofisi ya Parramatta, humo humo Sydney, kwa miaka minne, akijiajiri mwenyewe, na pesa alilipwa bila kukatwa kodi. Hakujaza ritani, ile fomu ya kila mwaka ya kueleza mapato, hata moja. Barua za ofisi ya kodi zilipoanza kuja, alizitupia kabatini juu ya friji bila kuzifungua.

Clarisse, Mkongo wa Bukavu aliyepanga naye nyumba huko Penrith na kufanya kazi ya kuhudumia wazee, alimkuta ameshika kichwa.

"Umepata kazi na uko nalia?"

"Dada Clarisse, nadaiwa na serikali, halafu naiomba serikali hiyohiyo iniamini na siri zake!"

"Wanakudai ngapi?"

"Sijui. Sijafungua barua."

Clarisse alipanda kiti, akazishusha, akazihesabu. "Kumi na saba! Mungu wangu! Miye nilikimbia vita, lakini bahasha sijakimbia hata siku moja. Leta kisu."

Wakakaa sakafuni. Bahasha ya mwisho ndiyo ilikuwa na hesabu nzima: dola elfu ishirini na moja. Chebet aliisoma mara tatu, halafu akaanza kucheka. Miaka yote hiyo alikuwa akiota elfu sitini, akiamka jasho linamtoka. Sasa jinamizi lilikuwa na kimo chake, na halikufika hata nusu ya lile la ndotoni. Clarisse naye akacheka, bila kujua wanacheka nini, hadi jirani akagonga ukuta.

Jumatatu walimpigia Muriuki, mhasibu wa Parramatta, kwa video. Alitokea amevaa shati na tai kama siku zote. Aliposimama kuchukua kalamu, wakaona kaptura ya kulalia. Clarisse akalazimika kutoka chumbani akicheka.

"Hiyo elfu ishirini na moja ni makadirio tu, kwa sababu hukujaza ritani," Muriuki alieleza. "Gharama zako hazijatolewa. Risiti unazo?"

Risiti! Chebet hakuwahi kutupa karatasi maishani mwake. Alikuwa na za petroli, za sabuni, za mashine ya kufyonza vumbi, maboksi matatu ya viatu yamejaa pomoni. Muriuki alizipitia wiki nzima, akajaza ritani zote nne, na deni likashuka hadi elfu kumi na moja.

Chebet aliuza gari lake kubwa, kwani watu walikuwa hawaruhusiwi kwenda zaidi ya kilomita tano, na pesa hizo zikalipa nusu. Ili kupanga malipo ya nusu iliyobaki, alisubiri kwenye simu ya ofisi ya kodi kwa saa mbili. Muziki wa kusubirisha uliporudia mara ya ishirini, yeye na Clarisse walikuwa wameshautungia mtindo wa kucheza. Mama aliyepokea hatimaye alimsikia akihema, akamuuliza kwa upole kama yuko salama, kisha akakubali alipe kidogo kidogo kila mwezi.

Mwezi Oktoba afisa wa kibali alipiga simu kumhoji.

"Kwa nini hukufungua barua?"

Muriuki alikuwa amemwonya asifiche kitu. "Niliogopa," Chebet akasema. "Niliona nisipozifungua, ni kama hazijasema chochote."

"Na sasa?"

"Sasa nafungua hata matangazo ya pizza."

Afisa akakohoa, kikohozi kirefu cha mtu anayebana kicheko, kisha akaendelea na maswali yake.

Jibu lilikuja Desemba, wakati Chebet na Clarisse wakitembea kando ya mto. Chebet alisoma simu yake, akapiga ukelele, bata wote wakaruka. Amepewa kibali! Walikumbatiana, wakazunguka, barakoa zikiwaning'inia sikioni, wakacheza ule mtindo wao wa ofisi ya kodi katikati ya njia. Wazee wawili Wazungu wakasimama wakawapigia makofi.

Alimpigia mama yake kule Kapsabet, Kenya, palepale.

"Mama, nimepata!"

"Asante Yesu! Kazi ya kufanya nini hasa?"

Chebet akafungua mdomo, akakumbuka, akaufunga. "Mama, siruhusiwi kusema."

Papo hapo mama akaanza kushangilia kwa sauti ya kuamsha mtaa. "Wacha wee! Kubwa hivyo? Jumapili nawatangazia kanisa zima!"

"Mama, ni siri!"

"Ndiyo! Nitawaambia ni siri!"