Kamba Haijagusa Tofali

"Vuta, Amos. Usiibembeleze kama mtoto."

Amos akavuta. Kamba ilitoka mlangoni mwa kanisa, ikapita juu ya majani yenye umande, ikanyooka kuelekea baharini. Ilikuwa kamba ya zamani ya kengele, ndefu pima tano, na kila siku ya Mtakatifu Luka kijiji cha Eastmere kiliitumia kupimia ardhi iliyosalia. Kanisa la kwanza lilikwisha kumezwa na maji. Soko nalo. Njia ya Sokoni ilikuwa bado ipo, ila ilipita nyumba sita ikaishia hewani, na mgeni akilewa ilibidi ashikwe mkono.

Zikitimia kamba nane kutoka mlangoni hadi ukingoni, safu ya makaburi ya upande wa bahari inaendelea kupokea watu. Zikipungua, safu inafungwa, na atakayekufa anazikwa bara, nyuma ya shamba la shayiri. Mwaka jana zilitimia nane na hatua nne.

Amos alikuwa mchimba kaburi kwa miaka thelathini na moja. Katika safu ile alimlaza mkewe, Keziah, na ubavuni mwake akaacha nafasi moja, ambayo aliifyeka kila Jumamosi kama mtu atandikaye kitanda. Tangu ukingo uanze kumeguka mwezi Agosti hakuwa ametulia. Chakula alikila amesimama.

Ncha ya nyuma aliishika Dorcas, mtunza funguo za kanisa. Jabez, mwenye baa, alitia jiwe kofiani kwa kila kamba.

"Sita," alisema Jabez. "Shamba la babu yangu lilikuwa pale mbele. Siku hizi analima kaa."

"Babu yako hakulima hata alipokuwa na shamba," alisema Dorcas.

Saba. Nane. Kiatu cha Amos kilibakiza unyayo mmoja kufika ukingoni. Hakutazama chini.

"Nane na unyayo," alisema Jabez. "Mwaka huu tumepona. Naenda kufungua pipa."

Wanakijiji waliokuwa wameegemea ukuta wakavaa kofia zao, wakamfuata.

Amos aliikunja kamba upesi. Ilikuwa nzito. Desturi ilitaka ining'inizwe mnarani siku tatu, jiko likiwaka chini yake, mpaka ncha iguse tofali la sakafuni. Ndipo itumike kupimia. Kwani kamba ikinywa maji hujivuta ikawa fupi, na kamba fupi huongeza ardhi isiyokuwepo. Jana jioni Amos alikuwa ameiteremsha, akaitandaza juu ya majani mabichi, akaenda zake bila kumwambia mtu.

"Basi Alhamisi utamchimbia Seth," Dorcas alisema polepole. Seth alikuwa kaka yake Dorcas. Tangu Jumapili alikuwa amelala ndani ya sanduku lake, akisubiri kipimo. "Pale karibu na mama. Alisema akizikwa bara ataota shayiri."

Amos alifunga fundo, akalifungua, akalifunga tena. Majira ya machipuko yaliyopita alikuwa ameokota ufukweni, chini ya makaburi, taya la mtu, akalifungia katika leso yake, na mpaka leo hajui lilikuwa la nani.

"Dorcas. Kamba imelowa."

"Najua."

"Niliilaza nje mimi."

"Nimeishika toka mlangoni, Amos. Unadhani mikono yangu ni ya mbao?" Aliifuta mikono kwenye sketi. "Mwanzoni nilikwambia vuta. Hesabu ilipofika tano, nikanyamaza."

Walisimama hivyo, kila mmoja akitazama viatu vya mwenzake. Kisha Dorcas akashika upande mmoja wa lile furushi, Amos akashika wa pili, wakalirudisha mnarani.

Ilipotundikwa, ncha ilining'inia mkono mzima juu ya tofali. Dorcas akatia makaa kwenye jiko chini yake.

"Ikigusa tunapima tena. Mimi na wewe."

"Na Jabez?"

"Jabez kesho hatakumbuka hata kofia yake iko wapi."

Amos alikwenda mlangoni, akarudi. Akakwenda tena.

"Kaa chini, mzee."

"Siwezi."

"Basi simama. Ila usiiguse."

Kutoka baa kulikuja wimbo na vicheko. Kamba ilianza kutoa mvuke. Ilijizungusha taratibu, upande huu, halafu upande ule, na kila ilipojizungusha ikashuka kidogo. Matone yalianguka kwenye tofali, yakapungua, yakakoma. Nje, wimbi lilipiga chini ya mwamba, na vumbi la chokaa likadondoka begani mwa Amos. Hakulipangusa. Alikuwa akitazama ncha.

Dorcas alichuchumaa, akapitisha vidole viwili kati ya ncha na tofali.

Bado vilipita.