Pampu Iliyokwenda kwa Mama Mdogo

Fridah hakumwamini mtu aliyemwambia kitu "kipo tu". Kipo wapi? Ndani ya nini? Ndiyo kazi iliyomleta kwenye karakana ya injini za boti pale Al Jaddaf, Dubai: kuunda hifadhidata itakayoonyesha kila kipuri kimo ndani ya nini, na hicho nacho kimo ndani ya nini, mpaka ufike kwenye injini yenyewe.

Ili mtunza stoo, Mzee Thuwein, aelewe, alimfundisha kwa lugha ya nyumbani. Injini ni mama. Pampu ya maji ni mtoto wake. Sili, ule mpira wa kuzuia maji yasivuje ndani ya pampu, ni mjukuu. "Na kila mtoto ana mama mmoja tu, mzee," alimsisitizia. "Ukimpa wa pili, kompyuta itakataa."

"Haya, mwanangu." Thuwein, Mzanzibari wa taratibu, alimwita hivyo tangu siku ya kwanza, na kila asubuhi alimletea chai ya tangawizi bila kuombwa. Fridah, mtoto wa Meru asiye na ndugu hata mmoja Dubai, alilipenda jina hilo kuliko alivyoonyesha.

Kisha pampu zikaanza kupotea. Kompyuta inasema pampu imo ndani ya injini fulani. Fundi anafungua, anakuta pengo. Mara ya kwanza Fridah alijilaumu mwenyewe. Zilipozidi, akaanza kumwangalia mzee kwa jicho la pembeni. Ufunguo wa stoo anao nani? Nani hubaki nyuma wenzake wakitoka, eti anapanga rafu? Hata ile chai akawa anaiacha ipoe. Mtu anakubembeleza hivi kwa nini, kama hana lake?

Meneja wao, Ignatius, Mganda asiyejua kucheka saa za kazi, naye alikuwa amechoka. "Fridah, system ni yako. Wewe niambie nani anakula vitu vya arbab, tajiri wetu. Arbab amesema huyo mtu, khalas, visa inakatwa, anapanda ndege."

Fridah alitoka ofisini kwa meneja. Akipita mlango wa stoo akamsikia Thuwein kwenye simu, kwa sauti ya chini: "Pampu usiitafute hapa, Siraje. Imekwenda kwa mama mdogo. Itarudi, inshallah."

Mama Mdogo! Fridah alilisikia kama jina la mtu. Kwao Kenya kila mwanamke mwenye biashara ni Mama fulani: Mama Mboga, Mama Samaki, Mama Chapo. Huyu naye bila shaka alikuwa na duka la vipuri vilivyotumika, huko Deira. Alimwona kabisa kichwani, mfupi, bangili za dhahabu hadi kwenye kiwiko, akipokea pampu kwa mlango wa nyuma. Kumbe mzee ndiye! Iliuma. Kisha akakasirika kwa kuwa imemuuma, akarudi moja kwa moja kwa Ignatius na kumtaja.

Thuwein akaitwa. Alisimama kofia mkononi, Fridah kando yake.

"Huyu Mama Mdogo ni nani?" Ignatius aliuliza.

Mzee hakumtazama meneja. Alimtazama Fridah. "Si wewe uliyenifundisha? Injini ni mama. Boti ya watu imekufa pampu, mpya haijafika. Nimechomoa pampu ya injini iliyolala bure, nikaitia kwenye nyingine ya aina ile ile. Hizo injini si ndugu? Basi mtoto kaenda kulelewa kwa mama mdogo, ndugu wa mama yake. Na zile nyengine hivyo hivyo. Nataka kuandika, kompyuta yako yakataa mama wa pili. Nimekujia mara mbili, ukanambia una kazi."

Fridah alitamani sakafu immeze. Kwao ndugu wa mama ni auntie. Wala hakukumbuka kazi aliyokuwa nayo siku hizo, ila kwamba hakutaka kuonana na mzee.

Ignatius alimpigia simu fundi Siraje, akamtuma azikague injini hizo. Pampu zote zilikuwepo, zikifanya kazi. "Basi, yalla," alisema. "Rudini kazini."

Siku hiyo hiyo Fridah alibomoa alichokuwa amejenga. Kila kipuri sasa kilikuwa na sehemu mbili: mama yake ni nani, na kwa sasa kinalelewa na nani. Hiyo ya pili aliiita Mama Mdogo, kwa herufi kubwa, makusudi. Akaenda stoo kumwonyesha mzee.

"Nisamehe," alisema. "Nilikukosea sana."

"Yamekwisha."

Thuwein alijaribu pampu ya kwanza. Kompyuta ikakubali. Akajaribu nyingine, ikakubali pia. Kando yake kulikuwa na chupa ya chai na kikombe kimoja tu, chake mwenyewe.

"Umeona ilivyo sasa, mzee? Umeelewa?"

"Nimeelewa, madam."