Glasi ya Kuonja

Msinitetee. Mji ule wa kiwanda cha bia niliuchagua mimi, na tiketi za ndege, za Mama, mdogo wangu na mimi, nikakata mimi. Kwenye kipeperushi iliandikwa wazi kwamba mwisho wa ziara wageni wanaonjeshwa. Nilikisoma. Nikajiambia mdogo wangu ni mtu mzima, miezi kumi na minne hajagusa pombe, atasema hapana yaishe. Kiherehere tu, nilitaka kuona mitambo ya kale.

Mama alikuwa hajui lolote. Tulimwambia mwanawe ana vidonda vya tumbo, yuko kwenye dawa. Uongo huo niliutunga mimi, dada mtu, siku nilipompokea kwangu anatetemeka, maana Mama angesikia neno mlevi angeanguka pale pale.

Na kiwanda chenyewe kizuri, jamani! Mapipa ya shaba yanakaribia dari, sakafu ya mawe imelika kwa viatu vya wafanyakazi, harufu ya shayiri mpaka kwenye nguo. Mdogo wangu alitembea nyuma kabisa, mikono mfukoni, anapumulia mdomo. Nikamwona. Nikaendelea kupiga picha.

Mwishoni tukaingizwa chumba chenye meza ndefu. Mtembeza wageni akatumiminia glasi ndogo ndogo. Mama, ambaye hanywi hata tone, akamsogezea mwanawe moja.

"Tumepanda ndege mpaka huku, wewe usionje? Shika, utuhadithie."

"Mama, tumbo langu..."

"Tumbo gani tena, mwaka mzima?" Akanigeukia mimi. "Ni kansa, eeh? Mnanificha!" Machozi yakaanza kumlengalenga, na watu wakageuka kututazama.

Mdogo wangu akaniangalia. Alikuwa ananiomba nimwambie Mama ukweli, basi, nimtoe pale. Mimi ninayemsema kila mtu nyumbani, mimi nisiyeishiwa maneno, nikafungua mdomo nikasema, "Dozi kamaliza, Mama. Kapona kabisa."

"Mungu mkubwa!" Mama akapiga makofi.

Mdogo wangu akainywa yote kwa mkupuo. Akafumba macho kidogo. Kisha akanyoosha mkono akavuta na glasi yangu, bila kuniangalia tena.

"Kumbe tamu!" Mama akacheka.

Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe, kwa sababu Mama alikuwa ananitazama.